Maji Huanzia Mkiani

Kati ya siku zote nilizoishi kule bondeni, mwanangu, kuna moja naikumbuka kuliko nyingine. Ni siku mama mkwe wangu, Bibi Mwantumu, alipotukuta watu wazima tumekaa kivulini nyuma ya nyumba, majembe tumeyaegemeza ukutani, na baragumu linalia kwa mbali bila hata mmoja wetu kunyanyuka. Alisimama mbele yetu akatuuliza, taratibu kabisa, msiba uko nyumba gani. Maana kwetu baragumu la msaragambo, la kuitana kazi ya pamoja, likilia na mtu asitoke, basi ana maiti ndani. Alichotwambia baada ya hapo ndicho nataka uondoke nacho leo, lakini hutakielewa mpaka ujue kwanza tulikuwa nani na tulikaaje.

Juzi umekuja kunibishia hodi na shikamoo yako nzuri, ukasema vijana mmekubaliana kuufufua mfereji wa zamani, na kwamba wewe ndiye waliyekuchagua kushika zamu za maji. Ukaniomba nikuonyeshe ulipita wapi. Nimekuonyesha kwa fimbo hii hii, kuanzia kule mtoni mpaka kwenye kile kichaka cha mikwaju. Umeshukuru, umeaga. Hukuniuliza ulikufa kwa nini. Sikulaumu, kijana huuliza njia kabla ya kuuliza shimo, ila leo nimekuita mwenyewe, kwa hiyo kaa, na hiyo simu yako iweke mfukoni.

Mimi nimezaliwa Kwedizinga, Handeni. Kwetu ardhi ni nzuri na watu ni wazuri, lakini mvua ina maringo. Ilipotukatalia misimu miwili mfululizo, baba alitufungia virago akatupeleka Ngombezi kwenye mkonge. Nililelewa kambini, chumba kimoja, ukuta mmoja na jirani, ukikohoa yeye anaitikia. Alfajiri kilikuwa kinagongwa kipande cha reli, na baba akishakisikia anaamka hata kama ana homa. Miba ya mkonge ilimtoboa mikono mpaka ikawa haikunjuki vizuri wakati wa kula. Alikufa kabla ya Uhuru, na wiki hiyohiyo chumba kikatakiwa, kwa sababu chumba kilikuwa cha mkata mkonge na mkata mkonge hayupo tena. Mama alibeba sufuria na mkeka, mimi nikabeba mdogo wangu. Siku ile niliapa moyoni kwamba sitazaa mtoto kwenye nyumba ambayo mtu mwingine anaweza kuniambia nitoke.

Kwa hiyo Saidi aliponiposa, nilimuuliza swali moja tu kupitia shangazi yangu: ana mpango wa kukaa kambini mpaka lini? Naye alikuwa mkata mkonge, Mzigua wa kwetu, kijana mpole. Akajibu kwamba wako kwenye mipango, yeye na mama yake na watu wengine, ya kwenda kuvunja pori chini ya milima, upande wa Mombo. Bendera ilikuwa imeshapandishwa na kila redio inaimba Uhuru na Kazi. Nikakubali.

Tulikuwa mchanganyiko, mwanangu. Wazigua tuliochoka na ukame, Wasambaa waliobanwa na udogo wa mashamba huko juu mlimani, Waislamu na Wakristo, na wengi wetu tumetoka kwenye mkonge tukiwa na mikono tu. Aliyetuongoza alikuwa Mzee Mbaruku, mtu mfupi asiyependa maneno. Mto ulikuwa unashuka kutoka milimani na kupita zake, na sisi tukaziba nusu yake kwa mawe, miti na migomba iliyokatwa, tukapata banio la kugeuzia maji upande wetu. Halafu tukachimba mfereji. Hatukuwa na vipimo. Tukichimba kipande tunafungulia maji kidogo. Yakienda tunaendelea, yakigoma tunajua tumekosea, tunafukia na kuanza upya. Tulikosea sana. Ukiona vyaelea vimeundwa, na mfereji ule tuliuunda kwa magoti.

Makazi yetu yalijipanga kuufuata. Waliotangulia walipata mashamba karibu na banio, tukawaita watu wa kichwani. Wengine katikati. Mimi na Saidi, kwa kuwa tulifika mwishoni, tukapewa mkiani kabisa. Kitongoji kikaitwa Mferejini. Jina halikuhitaji kikao.

Sasa sikiliza hapa. Siku mfereji ulipofika kwetu, Mzee Mbaruku aliwakusanya watu akaweka sharti moja. Kila msimu maji ya kwanza yaanzie mkiani. Wa mkiani akishiba, ndipo wa katikati afungue. Wa kichwani, ambaye maji yanapita mlangoni kwake toka asubuhi, anywe wa mwisho. Na yeye mwenyewe shamba lake lilikuwa kule kichwani, chini ya banio. Watu waligunaguna, na mimi kijana nikaona ni huruma tu ya mzee, anatuonea imani sisi wa mwisho. Haikuwa huruma. Ni akili. Mtu wa kichwani akijua kwamba hatapata tone mpaka maji yafike kwa Saidi, atachimba tope la mfereji mzima, mpaka kwa Saidi. Hatasema kipande changu ni safi inatosha. Baragumu likilia anakimbia, na anamwamsha na jirani yake. Na asiyetokea bila udhuru, adhabu yake ilikuwa kuwapikia makande wachimbaji wote, na wachimbaji wana njaa, kwa hiyo ilikuwa nafuu kuchimba.

Tulistawi, nisikufiche. Mpunga, maharage, migomba kandokando ya maji. Wanawake tulikuwa tukibeba ndizi na mahindi ya kuchemsha mpaka Mombo, tukiwauzia abiria wa mabasi, na tukirudi tunaimba njia nzima. Watu wa kichwani walikuwa wakija mkiani kuchimba, wanakula kwangu bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu, wananijua mimi na wanangu kwa majina. Kuna mama mmoja wa Kisambaa, mke wa Bwana Elia wa kichwani, Mkristo, kila akija lazima aniletee mbegu ya kitu fulani. Tulimwita Mama Eliza. Mwanangu wa kwanza nilimzaa pale, kwenye nyumba ya udongo niliyoikandika mwenyewe, na hakuna aliyeweza kuniambia nitoke. Nilikuwa na furaha ambayo hata kuisimulia naogopa kuipunguza.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijiji vya Ujamaa, tukapimiwa mistari ya viwanja kando ya barabara kuu, mbali na mfereji. Sitaki uondoke hapa ukasema bibi kakusimulia ubaya wa Ujamaa. Shule tulipata huko, na zahanati, na wanangu walijifunza kusoma huko. Tena sisi tulikuwa tunaishi kijamaa kabla hatujafundishwa jina lake. Lakini mfereji haukuhama pamoja nasi. Zamani mtu alikuwa akisikia maji yamebadilika sauti anatoka na jembe kabla hajanawa uso. Sasa tulikuwa tunauendea kwa safari, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Mzee Mbaruku naye alikuwa ameshafariki.

Bwana Elia ndiye aliyechaguliwa mwenyekiti wa kijiji. Mtu mwema kweli, hakula cha mtu. Shamba la pamoja la kijiji lilikatwa kule kichwani, kwa sababu ni karibu na banio, na siku moja mkutanoni akaleta hoja. Kwamba sasa sote tunakaa mahali pamoja, sisi ni ndugu, hakuna tena habari ya kichwa na mkia. Shamba la kijiji ni la wote, basi linywe kwanza, halafu maji yateremke yenyewe. Kwamba kuanza mkiani ni kuwatembeza watu bure. Hoja ilikuwa na sura nzuri. Watu walipiga makofi, na wa mkiani wakiwemo, na mume wangu akiwemo. Nilinyoosha mkono nikasema nina wasiwasi maji hayatafika. Mzee mmoja akanituliza kwamba maji hayana ubaguzi, yatafika tu. Nikakaa.

Hayakufika. Msimu wa kwanza yalifika machache. Msimu wa pili ulifika ukungu wake tu. Na wala hakuna aliyetuibia, mwanangu, hilo ndilo la ajabu. Watu wa kichwani walisafisha mpaka mwisho wa shamba la kijiji, maji yakajaa, wakarudi nyumbani na moyo mweupe. Hawakuwa na sababu tena ya kushuka kwetu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na si kwa ubaya, hamjui tu. Tope likajaa kwetu, nyasi zikaota mferejini, mpunga wangu ukageuka njano ukiwa na mimba.

Hapo ndipo Saidi alipoanza kulitaja neno Ngombezi. Alianza kwa mzaha, kwamba kule angalau posho ina uhakika. Halafu akaacha mzaha. Kila alipolitaja mimi nilisikia kile chuma cha reli kikigongwa. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine anatembea, na nikaona wazi kwamba wanangu watalala kwenye kile chumba changu cha zamani. Nilikuwa na hofu, na nilikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi.

Kwa hiyo mto ulipofurika ukabeba banio, na baragumu likalia kuita watu wa kulijenga upya, watu wa mkiani tulikuwa tumeshaamua. Wanaokunywa ndio wajenge. Kila familia ya mkiani ilirudi siku ile kwenye vibanda vyetu vya zamani, tukakaa, kusudi tuonekane tumekaa. Na hapo ndipo Bibi Mwantumu alipotutokea na swali lake la msiba.

Hakutukemea kwa kelele. Alisema, "Waliobadili zamu wamekosa, na mimi nitawaambia machoni. Lakini nyie mkikaa leo, wao watakosa maji ya msimu mmoja. Nyie mtakosa mfereji."

Saidi akamjibu kwa adabu, "Mama, twende tukachimbe maji ya kunywa wengine?"

"Kachimbeni mpate mdomo," akasema. "Asiye na tope miguuni hana neno kwenye zamu."

Akachukua jembe la Saidi, lile lililokuwa ukutani, akaliweka begani. Bibi mwenyewe magoti yalikuwa yanamuuma toka siku nyingi. Akaondoka, anachechemea kuelekea juu, hata hakugeuka kuona nani anamfuata.

Nilisimama. Nilikaza kanga ya mtoto mgongoni, nikachukua jembe langu, na nikamwambia mume wangu mbele ya watu, jambo ambalo mke wa siku zile halifanyi, "Ukitaka Ngombezi nenda. Mimi kambini sirudi, na wanangu hawarudi." Wanawake wachache walinyanyuka nyuma yangu. Wanaume walibaki wanatazama majembe yao. Saidi alibaki, na wiki ile ile alikwenda kweli Ngombezi. Nilimfungia nguo zake mwenyewe, bila ugomvi, nikampa na karanga za njiani.

Kule mtoni tulikuta watu ni wachache mno. Shamba la wote, mwanangu, baragumu lake kila mtu hudhani linamwita jirani. Mama Eliza alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, peke yake kwenye mstari wa mawe, mumewe akisukuma magogo kutoka ng'ambo. Niliingia nikasimama karibu naye. Tukaanza kupokezana mawe. Baadaye akaniambia hakudhani tungekuja. Nikamjibu nimekuja kujenga, na nikimaliza nitaidai zamu yetu hapo hapo mtoni, mbele ya mumewe. Akanipa jiwe jingine akasema, basi tumalize upesi.

Banio lilisimama jioni, fupi kuliko la zamani lakini lilisimama. Nilitoka majini na tope langu nikamwendea mwenyekiti. Nilimwambia sharti la Mzee Mbaruku lirudishwe. Bibi Mwantumu alikuwa amekaa juu ya gogo akihema, akaongeza yale aliyoahidi kusema machoni, nayo sitayarudia, maana yule bwana alikuwa mtu mzima na alilia. Mkutano uliofuata sharti likarudi. Hakuna aliyepinga.

Ningependa kukwambia mfereji ukapona. Haukupona. Wakati tunakubaliana, nyumba nyingi za mkiani zilikuwa zimeshaondoka. Wengine Korogwe mjini, wengine wamerudi Handeni, wengine mkonge. Kurudisha maji mkiani kulitaka kuchimba tope la miaka kupitia mashamba yasiyo na wenyewe, na kidole kimoja hakivunji chawa. Tulichimba, nakwambia. Tulichimba mpaka kucha zikatoka. Maji yalifika katikati, yakaishia hapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta ulikuwa mrefu na tulikuwa wachache. Kila msimu mfereji ulifupika kidogo, kuanzia mkiani kwenda juu, mpaka likaja furiko kubwa likabeba banio lote na baragumu likalia bila wa kuliitikia. Vibanda vya Mferejini vikaanguka kimoja kimoja. Miti ya nyumba yangu niliing'oa mwenyewe nikaenda kuijengea jiko kule barabarani, na siku ile nililia kama niliyezika.

Lakini kambini sikurudi. Mama Eliza, baada ya ile siku ya mawe, alinikatia ukanda wa shamba lake kule kichwani, akaniambia nilime mpaka atakapoutaka, na mpaka anaingia kaburini hakuutaka. Hakunipa kwa kuwa alinionea huruma, alinikatalia mwenyewe neno hilo. Alinipa kwa sababu alinijua kazini. Kama ningebaki kivulini na hasira yangu ya haki, nani angenikatia ukanda? Saidi naye alirudi baada ya msimu mmoja, na mzigo wake mdogo, akanikuta napalilia. Akachukua jembe akaanza mstari wa pili. Wanangu walisoma kwenye shule ile ya barabarani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukata mkonge.

Sasa nikuambie wazi, nisikuache na mafumbo. Mwanangu, watu hawaachani kwa sababu ya ubaya tu. Huachana pia kwa hoja nzuri, inayopigiwa makofi, inayomwondolea mwenye nafasi haja ya kumwona wa mwisho. Ukishika zamu, mfunge wa kwanza kwa wa mwisho, hata kama wote ni ndugu, hata kama wataapa kwamba wanapendana. Hasa wakiapa. Na wewe mwenyewe ukidhulumiwa, sema, dai, sumbua watu, lakini usiweke jembe chini. Ukiliweka, dhuluma itakuwa imepata msaidizi. Tena usiuongoze mfereji kwa simu. Utembee kwa miguu, kutoka juu mpaka chini, uwajue walioko huko kwa majina.

Na jingine, ambalo najua hutalipenda. Wewe ni mjukuu wa Mama Eliza. Shamba uliloachiwa ndilo la kwanza chini ya banio. Mtakapofungua maji, yatapita mlangoni kwako kabla ya kufika kwa mtu yeyote, na mkeo atakuuliza kwa nini mpunga wenu unakauka huku mmekalia maji, na marafiki zako watakucheka. Yaache yapite. Siku hiyo nitakuja, wakinibeba au wakinikokota, nisimame kwenye shamba lako. Nataka nilikute kavu.

Nenda sasa, jua linazidi. Una radhi yangu na ya bibi yako aliyenipokeza mawe. Mungu aikaze mikono yako wakati wengine wamekaa, akulindie mto wako, na maji yako ayafikishe mpaka kwa yule wa mwisho kabisa.